Uanzie Wapi? Ulinganisho wa Vyanzo vya Historia ya Hadithi za Mashabiki Mtandaoni kwa Mtafiti Aliye Uganda

Mwanafunzi wa fasihi au wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Makerere au cha Kyambogo anayeamua kuandika tasnifu kuhusu jamii za awali za hadithi za mashabiki mtandaoni hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni chanzo kipi akishike kwanza. Hadithi hizo, ambamo shabiki huwachukua wahusika wa kipindi cha televisheni, filamu au kitabu na kuwatungia visa vipya, hazikuhifadhiwa kwa utaratibu na maktaba ya taifa lolote. Waliozitunga walitumia majina ya kupanga, wakazisambaza kupitia mitambo ya vyuo na ya kampuni, na nyingi zilipotea pale mwenye seva alipochoka kuilipia au kampuni ilipofunga huduma. Zilizobaki zimetawanyika katika hifadhi za namna mbalimbali, na kila hifadhi ina upofu wake. Anayechagua chanzo, basi, anachagua pia historia atakayoweza kuiandika, na ni heri afanye uchaguzi huo akiwa anajua anachokiacha.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma. Kwa mtafiti aliye Kampala, Gulu au Mbarara, ambaye bando lake ni la kuhesabu, ambaye hana nauli ya kwenda Marekani, na ambaye swali lake linahusu miaka ya 1990, hakuna chanzo kinachofaa kuanzia kuliko kumbukumbu za Usenet, mfumo wa zamani wa vikundi vya majadiliano mtandaoni. Kurasa zilizohifadhiwa na Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya Marekani, zifuate baada yake, makala ya kamusi elezo ya mashabiki yatumike kama ramani tu, na mahojiano yaje mwishoni, ingawa ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Swali likihamia miaka ya 2000, mpangilio huo hubadilika, na sababu zake nitazieleza.

Kama kuna anayejiuliza somo hili linamhusu nini Mganda, na akumbuke vibanda vya video vya mjini, ambamo VJ huipokonya filamu ya Hollywood sauti yake na kuisimulia upya kwa Kiganda, akiongeza utani, majina ya mitaa na mara nyingine hata nia ambazo mwandishi wa filamu hakuwahi kuziwazia. Tabia ya kukitwaa kisa cha mwingine na kukifanya chako haikuanzia kwenye intaneti. Kilichokuwa kipya katika intaneti ni kwamba tabia hiyo iliacha maandishi yenye tarehe.

Usenet dhidi ya kurasa zilizohifadhiwa

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, kama njia ya kompyuta za vyuo kupelekeana ujumbe wa hadhara uliopangwa kwa mada. Katika miaka ya 1990, mashabiki wengi wa Star Trek walibandika hadithi zao katika kikundi cha alt.startrek.creative, na wale wa The X-Files katika alt.tv.x-files.creative. Kila ujumbe ulinakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine, kwa hiyo kufa kwa seva moja hakukukiua kikundi. Kampuni ya Deja News ilianza kuweka kumbukumbu hizo mwaka 1995, Google ikainunua hifadhi yake mwaka 2001, kisha ikaongezewa tepu za Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto zenye ujumbe wa kuanzia 1981 hadi 1991. Tangu Februari 2024 huduma ya Google Groups haipokei tena ujumbe mpya wa Usenet, lakini ule wa zamani bado unasomeka. Zaidi ya hapo, Internet Archive ina mafaili yaliyobanwa ya vikundi vingi, kila kikundi katika faili lake, na mtu anaweza kulipakua mara moja na kulisoma baadaye bila mtandao.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonifanya niipendelee Usenet kwa mtafiti wa huku. Ujumbe wa Usenet ni maandishi matupu, hauna picha wala matangazo, na maelfu ya ujumbe huingia katika nafasi ambayo video moja ya dakika chache ingeijaza. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza kodi ya asilimia 12 kwenye data ya intaneti, na mwenye kulipia bando lake mwenyewe anajua maana ya kupakua mara moja badala ya kufungua ukurasa uleule kila siku. Aliye chuoni anaweza kuifanya kazi hiyo kwa eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa vyuo unaosimamiwa hapa na RENU, shirika la mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, kisha akarudi bwenini na kusoma hata umeme ukiwa umekatika, mradi betri ya kompyuta ina chaji. Lakini kabla ya kupakua, ni vizuri kutazama ujumbe wa kwanza na wa mwisho katika faili vina tarehe gani, kwa sababu mikusanyo inatofautiana sana na mingine inaanzia miaka ya 2000, wakati ambapo vikundi vingi vilikuwa vimeshapoa.

Thamani ya chanzo hiki huonekana mtu anaposogea karibu na kuutazama ujumbe mmoja. Mstari wa mada huanza kwa neno NEW, likimaanisha kwamba hadithi ni mpya na si marudio. Linafuata jina la hadithi, kisha namba kama 3/12, inayoonyesha kwamba hii ni sehemu ya tatu kati ya kumi na mbili, maana hadithi ndefu ilibidi ikatwe vipande. Zinafuata herufi VOY, yaani kipindi ni Star Trek: Voyager, kisha J/C, yaani hadithi inawaunganisha kimapenzi Janeway na Chakotay, na mwisho alama ya umri kama PG-13, iliyoazimwa kutoka kwenye upangaji wa madaraja ya filamu wa Marekani. Mstari mmoja unamweleza mtafiti aina ya hadithi, urefu wake, wahusika wake na jinsi mwandishi alivyoihofia au kuiheshimu hadhira yake. Akikusanya mamia ya mistari hiyo na kuipanga kwa mwaka, anaweza kuonyesha jozi ipi ya wahusika ilipanda na ipi ilishuka, tena bila kutegemea kumbukumbu ya mtu yeyote.

Chini ya mstari huo kuna mengine. Kila ujumbe una namba yake ya pekee, na jibu hutaja namba ya ujumbe linaoujibu, kwa hiyo mazungumzo yaliyovunjika yanaweza kuunganishwa upya kama yalivyokwenda. Anwani ya mwandishi mara nyingi huishia kwa .edu, na hapo mtafiti anapata dokezo kuhusu nani alikuwa na njia ya kuingia mtandaoni wakati huo, yaani wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo. Halafu ipo aya ya tahadhari, ambayo karibu kila mwandishi aliitanguliza, akikiri kwamba wahusika ni mali ya Paramount au ya studio nyingine na kwamba yeye hapati senti. Aya hizo ni chanzo cha historia ya hofu ya kisheria, na nashangaa kwamba wanafunzi wengi huziruka wakikimbilia hadithi yenyewe.

Upofu wa Usenet nao ni mkubwa. Baadhi ya waandishi waliweka katika ujumbe wao alama ya X-No-Archive, iliyoiomba hifadhi isiutunze, na matokeo yake unaweza kukuta majibu kumi yanayoisifu hadithi ambayo yenyewe haipo. Sehemu za hadithi hupotea, na si ajabu kuwa na ya sita na ya nane bila ya saba. Wasomaji waliokaa kimya, ambao kwa vyovyote walikuwa wengi kuliko waliozungumza, hawana alama yoyote. Waandishi wa hadithi za mapenzi ya jinsia moja, kwa kuogopa macho ya hadhara, mara nyingi walijificha katika orodha za baruapepe za kujiunga kwa ruhusa, kwa hiyo anayesoma Usenet peke yake anaweza kuwadhania wachache kuliko walivyokuwa.

Wayback Machine, mtambo wa Internet Archive wa kunakili na kutunza kurasa za wavuti, inaona yale ambayo Usenet haikuyaona. Taasisi hiyo ilianzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996 na ikaufungulia umma mtambo huo mwaka 2001. Humo mtafiti hukuta kurasa binafsi za mashabiki zilizokuwa GeoCities, huduma iliyofungwa Oktoba 2009, zikiwa na rangi zake za kuumiza macho, vitabu vya wageni, vihesabio vya watazamaji na viungo vilivyoifunga tovuti moja na nyingine katika mzunguko. Kwa anayetaka kuandika kuhusu namna mashabiki walivyojipamba, walivyotambulishana na walivyojenga ujirani wao, Usenet haina cha kumpa, na hapa pana utajiri.

Hata hivyo, tarehe inahitaji uangalifu. Anwani ya ukurasa uliohifadhiwa hubeba tarakimu 14 za mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Tarakimu 19990427083015 zinaonyesha kwamba ukurasa ulinakiliwa tarehe 27 Aprili 1999, saa 08:30 na sekunde 15 kwa saa ya ulimwengu, ambayo kwa Kampala ni saa tano na nusu asubuhi. Hiyo ni tarehe ya kunakiliwa tu. Hadithi iliyomo inaweza kuwa iliandikwa miaka mitatu kabla, na picha iliyo juu yake inaweza kuwa ilinakiliwa miezi kadhaa baadaye na mtambo ukaibandika hapo ili kuziba pengo. Ujumbe wa Usenet una tarehe ya kutumwa kwake, na kwa swali lolote la nani alitangulia nani, ndio utakaoaminiwa zaidi na watahini.

Zaidi ya hayo, kisanduku cha kutafutia kilichokuwa katika tovuti ya zamani hakifanyi kazi ndani ya nakala, kwani kilitegemea seva ambayo haipo tena. Kwa kawaida lazima ujue anwani kamili unayoitaka, na anwani hizo utazipata wapi? Mara nyingi utazipata kwenye Usenet, chini ya saini za waandishi waliotangaza kurasa zao. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na Usenet. Anayeanza na Wayback Machine huzunguka bila dira, na kurasa zenye picha zinamla data. Tena ahifadhi nakala yake mwenyewe ya kila ukurasa anaonuia kuutumia, maana Oktoba 2024 mtambo huo ulishambuliwa na ukakaa siku kadhaa bila kufunguka. Kwa upande wetu, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na aliyekuwa na mafaili yake kwenye diski aliendelea na kazi.

Swali likiwa la miaka ya 2000

Baada ya mwaka 2000 jamii zilihama, na hapa uchaguzi unakuwa mgumu zaidi. FanFiction.Net, iliyofunguliwa na Xing Li mwaka 1998, ingali hewani na ina mamilioni ya hadithi zilizopangwa kwa kipindi, kitabu au filamu. Kwa mtafiti anayetaka wingi, inavutia. Lakini anachokisoma leo ni toleo la mwisho ambalo mwandishi aliliacha, pengine baada ya kulisahihisha mara nyingi, na hadithi zilizofutwa hazionekani kabisa. Mwaka 2002 tovuti hiyo iliondoa hadithi zote za watu wazima pekee, kwa hiyo kuihesabu kama picha kamili ya walichoandika mashabiki kabla ya mwaka huo ni kuhesabu soko baada ya mgambo kupita.

Archive of Our Own, inayomilikiwa na taasisi isiyo ya faida ya Organization for Transformative Works, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009. Msomaji makini ataona humo hadithi zenye tarehe za miaka ya 1990 na atashangaa. Tovuti humruhusu mwandishi kuweka tarehe ya zamani, na mradi wake uitwao Open Doors huhamishia humo hifadhi ndogo zilizo hatarini kufungwa. Tarehe hizo zinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini zimeandikwa baadaye, na kanuni ya kazi ya kihistoria inadai zithibitishwe na chanzo cha wakati wenyewe pale inapowezekana.

LiveJournal, huduma ya shajara za mtandaoni iliyoanzishwa na Brad Fitzpatrick mwaka 1999, ndiyo ninayoiona kuwa tajiri zaidi na yenye usumbufu zaidi. Mazungumzo yake yaliandikwa kwa ngazi, jibu chini ya jibu, na humo mashabiki walibishana kuhusu maana ya walichokuwa wakifanya kwa kina ambacho vyanzo vingine havikifikii. Tatizo ni kwamba maandishi mengi yalifungwa kwa marafiki tu. Mei 2007 kampuni ilisimamisha mamia ya akaunti, zikiwemo za mashabiki, tukio ambalo wao wenyewe huliita Strikethrough kwa kuwa majina yaliyosimamishwa yalionekana yamekatwa kwa mstari. Tukio hilo liliwasukuma wengi kutafuta mahali pao wenyewe. Mwishoni mwa 2007 huduma iliuzwa kwa kampuni ya Kirusi, na watumiaji wengi wakahamia Dreamwidth iliyofunguliwa 2009. Kwa shahada ya kwanza, ningemshauri mwanafunzi asiiguse LiveJournal isipokuwa achague tukio moja, kama hilo la 2007, na alifuatilie kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu Yahoo Groups, mahali ambapo orodha nyingi za baruapepe za mashabiki zilikuwa, maneno machache yanatosha. Kampuni ilitangaza Oktoba 2019 kwamba itafuta yaliyomo, mashabiki na kundi la Archive Team wakahangaika kuokoa walichoweza, na Desemba 2020 huduma ikafungwa kabisa. Asipangie mtu tasnifu juu yake.

Ramani, vitabu na makabati ya mbali

Fanlore, kamusi elezo ya mashabiki inayoendeshwa na taasisi ileile ya Archive of Our Own tangu 2008, ndiyo inayotajwa vibaya zaidi katika kazi za wanafunzi. Hutajwa kama ushahidi, hali yenyewe imejiwekea sera ya kupokea mitazamo mingi bila kuamua nani mkweli. Ni mahali pazuri pa kujua jina la kikundi, mwaka wa ugomvi fulani, au tovuti ilihamia wapi. Ukishajua, nenda kwenye ujumbe wenyewe. Kuipuuza kabisa nako ni kujitesa, kwa sababu inakuokolea wiki za kupapasa.

Katika kazi za kitaaluma, jarida la Transformative Works and Cultures, lililoanza 2008, husomwa bila malipo na bila kujisajili, na kwa maktaba zetu zenye bajeti finyu hilo si jambo dogo. Vitabu vya mwanzo vya Henry Jenkins na Camille Bacon-Smith, vyote vya mwaka 1992, vinahitaji kusomwa kwa kukumbuka kwamba viliandikwa wakati mashabiki walikuwa bado wakikutana ana kwa ana na kuuziana majarida ya karatasi. Vinaeleza jamii iliyoingia mtandaoni baadaye ikiwa na desturi zake tayari. Asiyejua hilo hudhani kwamba kila kitu kilibuniwa na intaneti, na tasnifu yake huanza na kosa.

Majarida yenyewe, kuanzia Spockanalia ya 1967, yamo katika maktaba za Marekani kama vile ya University of Iowa na ya Texas A&M. Texas A&M imeweka sehemu ya mkusanyo wake katika umbo la kidijitali, na hiyo inatosha kwa sura moja ya utangulizi. Zaidi ya hapo ni gharama ya viza na tiketi, na kwa swali la jamii za mtandaoni sioni faida inayolingana na gharama.

Mahojiano na masharti yake

Nimeyaweka mahojiano mwishoni kwa sababu ya utaratibu wa kazi. Mtu aliyeandika hadithi mwaka 1996 hukumbuka hisia vizuri na tarehe vibaya. Ukimfikia ukiwa umeshasoma ujumbe wake wa wakati huo, unaweza kumuuliza kuhusu jibu fulani la mwezi fulani, naye hukumbuka mengi ambayo swali la jumla lisingeyaamsha. Ukimfikia mikono mitupu, atakupa kisa ambacho ameshakisimulia mara nyingi.

Kwa aliye Uganda ningependekeza baruapepe kuliko simu ya video. Saa mbili ya jioni huko New York ni saa tisa au kumi ya usiku Kampala, kutegemea majira yao, na mtandao hukatika katikati ya sentensi. Isitoshe, hawa ni watu waliojenga urafiki wao kwa kuandika. Wengi hueleza vizuri zaidi kwa maandishi, na wewe unabaki na nakala isiyohitaji kunukuliwa kutoka kwenye sauti.

Sharti gumu ni la faragha, na linahusu Usenet pia. Waandishi wengi walikuwa na kazi, ndoa na makanisa, na hawakutaka majina yao halisi yaunganishwe na hadithi zile. Anwani ya chuo iliyo katika ujumbe wa 1995 inaweza kumtambulisha mtu leo, na hata mstari mmoja ulionukuliwa neno kwa neno unaweza kumfikisha msomaji kwa mwandishi kwa kutafuta tu mtandaoni. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na utafiti unaohusisha watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili pamoja na usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Idhini hiyo huchukua muda, kwa hiyo maombi yapelekwe mapema, hata kabla ya kusoma faili la kwanza la Usenet, na yataje wazi kwamba kumbukumbu za zamani zitatumika pamoja na mahojiano. Katika kuandika, toa anwani, badilisha hata jina la kupanga pale mwenyewe asipopatikana, na eleza maudhui kwa maneno yako badala ya kunukuu. Aliyepatikana na akakubali atajwe kwa jina lile analolichagua yeye, hata kama ni jina ambalo msimamizi wako ataliona la kitoto.